Paa Langu na Kuta za Ebenezer

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Siku kubwa! Mkuu wa chuo, Mzee Mazengo, ametuita ofisini kwake walimu wote wa Usanifu Majengo. Yaani watu watatu. Ebenezer anafundisha misingi na kuta. Yasinta anafundisha milango na madirisha. Mimi, Batholomeo, nafundisha sakafu na mapaa. Anayetaka kujua nani muhimu kati yetu asubiri mvua inyeshe. Hakuna aliyewahi kuloa akalalamikia mlango.

Mzee katangaza mambo mawili. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja Mgeni Rasmi, waziri mzima, kuweka jiwe la msingi la darasa jipya. Na idara yetu itapata Mkuu wa Idara, mwenye ofisi yake, feni, na kiti kinachozunguka. Kasema hatachagua kwa kujuana, kama walivyokuwa wakifanya kwenye mashirika ya umma. Huu ni wakati wa soko huria. Kila mwalimu atajenga sehemu yake ya darasa hilo pamoja na wanafunzi, iwe ndiyo somo la vitendo. Atakayemfurahisha mgeni ndiye Mkuu.

Ebenezer akarukia. Eti basi tuanze na msingi, halafu kuta, halafu milango, halafu paa. Kasema kwa sauti ya upole, macho yakitazama chini. Nilimshtukia pale pale! Msingi na kuta vingekula siku zote, mgeni angefika paa halijaguswa, na mimi ningebaki nimesimama na michoro mkononi kama mpiga ramli.

Nikanyoosha mkono. Nikasema enzi za kungojana zimepita. Tulipanga foleni ya sukari, tulipanga foleni ya sabuni, inatosha. Tujenge sambamba! Kila mtu sehemu yake, mahali pake, mwisho tuunganishe. Mzee Mazengo akapiga meza kwa furaha. Akalirudia neno "sambamba" kama mtu anayeonja asali. Yasinta akauliza, kwa sauti yake ile isiyo na haraka, tutaunganishaje. Mzee akamjibu kwamba hayo ni mambo madogo madogo.

Nimerudi nyumbani navimba. Nimemwambia mke wangu Dorkasi kwamba ukuu wa idara ni kama umeshapatikana.

Jumanne, 3 Septemba

Dorkasi alikwenda mazoezi ya kwaya, na lile neno "kama" akaliacha nyumbani. Kwaya nzima sasa inajua kwamba mimi ni Mkuu wa Idara. Wameamua kuja kuimba siku hiyo. Wameshatunga wimbo. Mama mmoja wa sauti ya pili amenisimamisha njiani, akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniita Bwana Mkuu. Nikaitika! Ningefanyaje?

Kwa hiyo nikiukosa ukuu huu, siwezi tena kupita njia ya kanisani. Na hakuna njia nyingine ya kwenda sokoni. Nimeogopa kidogo. Lakini woga si mtaji.

Darasani nimefundisha safari ya mzigo wa paa, mada ninayoipenda kuliko zote. Nimeeleza kwamba bati linakabidhi mzigo kwa papi, zile mbao nyembamba tunazopigilia misumari. Papi zinakabidhi kwa kenchi, zile pembetatu kubwa za mbao. Na kenchi zinakabidhi kwa... Hapo nikasita. Kinachofuata ni ukuta. Ukuta ni wa Ebenezer. Nimtangaze mpinzani wangu kwenye darasa langu, kwa chaki yangu? Thubutu! Nikasema kenchi zinakabidhi mzigo kwa kinachofuata. Wakaandika.

Isipokuwa Aneth. Huyu ni binti wa mwaka wa pili, kutoka Hombolo, ambaye hajawahi kuandika jambo kabla ya kulikagua. Kanyoosha mkono, kaomba kwa heshima aambiwe kinachofuata ni nini. Nimemjibu kwamba hilo ni swali la muhula wa pili.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda soko la Majengo kutafuta mfadhili. Zamani bati lilikuwa linaombwa kwa barua, na barua inajibiwa mwaka unaofuata. Leo Majengo yote ni bati! Limeegemezwa hadi kwenye magunia ya mtama. Nimeingia kwa Hasani, ambaye juzi tu alikuwa akiuza kandambili, sasa kibao chake kinasema HASANI HADWEA.

Nilimweleza kwamba waziri atasimama mbele ya paa hilo. Akauliza mbele au chini. Nikasema popote apendapo. Hasani akafikiri, akakubali kunipa bati bure, kwa masharti. Akae meza kuu. Na jina la duka lake liandikwe kwa rangi nyekundu juu ya paa, herufi kubwa. Nikamkumbusha kwamba juu ya paa hapasomwi na mtu. Akaniambia nisimfundishe biashara.

Sawa. Watasoma kunguru. Bati nimepata!

Jumamosi, 7 Septemba

Ushindi wa kwanza. Sakafu imemwagwa. Mzee Mazengo alitaka niimwage ndani ya msingi wa Ebenezer. Nikauliza: wageni wakiiona sakafu katikati ya kuta za Ebenezer, watasema ni ya nani? Ebenezer angepokea pongezi hadi za zege langu. Nimeimwaga upande wa pili wa uwanja, karibu na mlingoti wa bendera. Zege safi, limelainishwa hadi unaweza kujitazama.

Na juu ya sakafu hiyo nimejenga paa. Juu yake kabisa, bila kitu katikati. Kenchi zimekaa kwenye sakafu, papi juu ya kenchi, bati juu ya papi, HASANI HADWEA juu ya bati. Sakafu na paa, kama mtaala unavyosema. Hakuna hata tofali moja la Ebenezer.

Aneth kasema linafanana na kofia ambayo mwenyewe kaiacha. Nimemwambia asome zaidi.

Yasinta alipita na futi yake ya mkunjo. Alitaka kujua paa litakaa kimo gani kutoka sakafuni, ili fremu ya mlango isipishane nalo. Nikamwambia kimo ni suala la kuta, aende kwa Ebenezer. Akasema Ebenezer kamwambia kimo ni suala la paa, aje kwangu. Basi, akasema, atatengeneza mlango wa kimo cha mtu. Kaondoka. Namhurumia. Mwanamke mwerevu, lakini mlango! Nani alishapandishwa cheo kwa mlango?

Jumatatu, 9 Septemba

Balaa! Upepo wa Septemba umeanza. Asubuhi nimelikuta paa limesogea hadi nje ya sakafu, limegemea mlingoti. Bendera ya taifa ilikuwa imenasa kwenye kenchi. Mzee Mazengo kasema hii inaweza kutafsiriwa vibaya.

Tumelirudisha. Nimewaagiza wanafunzi waokote mawe makubwa kule kilimani na kuyapanga juu ya bati. Mtaani kwetu kila nyumba ina mawe juu, hakuna anayeona ajabu. Ebenezer alisimama akitazama, kaninong'oneza kwamba kwenye vitabu paa linafungwa ukutani kwa waya. Ukutani tena! Mtu huyu haachi kujipigia debe.

Jioni nikamsimulia Dorkasi. Kacheka mpaka akaweka mwiko chini. Kasema kwao Kongwa nyumba ya mama yake ni tembe, paa lake ni udongo mtupu juu ya magogo, mbuzi wanapanda, alizeti inaanikwa huko huko, na upepo haujawahi kulichukua. Nikamjibu kwamba mimi ni mtaalamu, siwezi kumwambia waziri kwamba tatizo ni upungufu wa mbuzi.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda kupeleleza kwa Ebenezer. Nilijifanya natafuta kuku wa mpishi.

Habari njema! Mtu huyu kachimba msingi kama anazika tembo. Siku zote zimeishia humo. Kuta zake zimefika kimo cha dirisha tu, basi. Saruji imemwishia, na matofali pia. Ukisimama nje unaona ndani kote. Na katikati ya ukuta wa mbele umesimama mlango wa Yasinta, fremu ya mninga, kimo kamili, una kitasa na ufunguo. Umeuzidi ukuta kimo pande zote mbili. Mlango unaoweza kuukwepa kwa kuruka kidogo! Nimecheka njia nzima. Kuku sikumwona.

Mzee Mazengo kaleta habari nyingine. Waziri hatakuja, atakuja naibu. Ila jiwe la msingi limeshachongwa jina la waziri. Nimeuliza litakaa wapi. Mzee kasema kwenye ukuta. Nikasema, kwa masikitiko, kwamba ukuta ni mfupi na mgeni atalazimika kupiga magoti. Ebenezer akasaga meno. Raha!

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata wazo ambalo sijui limetoka wapi. Nimelifikiri nikiwa bafuni, nikatoka na sabuni kichwani kuliandika.

Jumamosi jua litakuwa kali. Uwanja hauna hata mti mmoja. Mzee kaazima turubai la wageni kwa mtu wa harusi. Sasa je, turubai lisipofika? Mgeni ataungua. Atatafuta kivuli. Na nani katika chuo hiki anatengeneza kivuli? Ebenezer na kuta zake za kimo cha dirisha? Yasinta na mlango? Hapana. Ni mimi!

Mpango: nitapuliza filimbi, wanafunzi wangu wote wataingia chini ya paa, watalinyanyua na kulileta hadi juu ya meza kuu. Litakaa juu kwa muda wa kupigwa picha tu. Paa linalotembea! Mgeni ataniuliza jina. Nitalitaja.

Nimemwendea mwenye turubai, nikamwambia sherehe imehamishiwa Jumapili. Kashukuru sana, maana Jumamosi alikuwa na harusi mbili.

Ijumaa, 13 Septemba

Mazoezi. Tumeshusha mawe, tumeinua paa, tumetembea nalo hatua chache, tumelirudisha, tumepandisha mawe. Safi kabisa. Wanafunzi nimewapanga chini ya kenchi kwa kufuata orodha ya mahudhurio, ili pasiwe na malalamiko. Aneth kasema afadhali tungepangana kwa urefu. Nikamwambia hii ni taaluma, si gwaride.

Dorkasi kashona gauni la kitenge. Kanionyesha. Lina mabega mapana. Kasema ni la mke wa Mkuu wa Idara. Nimesema limempendeza, na kweli limempendeza. Kisha nikatoka nje kidogo kuvuta pumzi.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa chini, maana kiti sikitaki.

Mgeni alitarajiwa asubuhi. Alifika jua likiwa utosini. Wala hakuwa naibu waziri. Alikuwa bwana mmoja mnene wa makamo, amevaa suti ya Kaunda, amekuja kwa niaba ya mtu ambaye naye angekuja kwa niaba ya naibu. Mzee Mazengo kasema haina neno, serikali ni moja.

Turubai hakuna. Mzee Mazengo akanitazama. Mimi nikatazama bendera.

Upepo ulikuwa mkali ajabu. Vumbi lilikuwa likiingia kwenye sambusa. Nikaogopa kwamba paa litanikimbia kabla ya wakati, kwa hiyo nikaagiza mawe yabaki juu mpaka dakika ya mwisho. Meza kuu ikawa inaungua. Hasani kajifunika programu ya sherehe kichwani. Mgeni akajipangusa uso kwa leso, akaipindua leso, akajipangusa tena, akamwuliza Mzee kwa adabu kama chuo kina kivuli.

Saa yangu! Nikapuliza filimbi.

Wanafunzi wakaingia chini, wakashika kenchi, Aneth akahesabu, na paa likapanda. Umati ukapiga vigelegele. Likatembea taratibu kama kobe, likavuka uwanja, likasimama juu ya meza kuu. Kivuli! Mgeni akafunga macho kwa raha. Kwaya ikapaza wimbo wangu, eti Batholomeo mjenzi wa juu, Mkuu wa Idara yetu. Dorkasi alikuwa mstari wa mbele na mabega yake mapana. Machozi yalinilengalenga. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na ningependa Dorkasi asiusome ukurasa huu.

Mgeni akasimama. Kasema amezunguka nchi nzima kuyafuata majengo, leo ni mara ya kwanza jengo linamfuata yeye. Kasema huyu mwalimu atafika mbali. Makofi! Ebenezer alikuwa amejivuta kwenye kona ya ukuta wake kama mtu mwenye kichomi.

Halafu mgeni akaingiza mkono mfukoni, akatoa hotuba.

Hilo sikulipanga. Hotuba ilikuwa ya waziri, na waziri hasemi kwa kifupi. Alianzia uhuru. Akaingia kwenye ukame, akatoka, akaingia kwenye mageuzi ya uchumi, akakaa huko. Akasema serikali inajitoa, sasa kila mwananchi abebe mzigo wake mwenyewe. Juu ya kichwa chake nguzo zangu zilianza kutetemeka. Ndipo nikaona ubaya wa orodha ya mahudhurio. Wafupi walikuwa wamenyoosha mikono hawagusi kitu. Warefu walikuwa wamebeba paa lote, shingo zimeingia mabegani.

Na mawe. Nilikuwa nimesahau kuamuru yashushwe! Yalikuwa juu bado, yote.

Nikajitahidi kumfanyia mgeni ishara ya saa. Akadhani nampungia, akanipungia. Akafungua ukurasa mwingine.

Aneth, kutoka chini ya kenchi ya mbele, uso umejaa jasho, akaniita kwa sauti ndogo. Akaomba radhi kwa kunisumbua. Akasema alikuwa anauliza tu kama sasa anaweza kuambiwa kinachofuata baada ya kenchi ni nini, kwa sababu anavyoona yeye, ni yeye. Nikamjibu kwa midomo bila sauti: muhula wa pili.

Akanitazama. Sijapenda alivyonitazama. Kisha akageuza macho akaziona kuta za Ebenezer ng'ambo ya uwanja, akawaambia wenzake neno, na paa likaanza kuondoka.

Mgeni kuona kivuli kinaondoka, akakusanya karatasi zake akakifuata. Hakukosa hata mstari! Alitembea akisoma habari za sekta binafsi. Mzee Mazengo akamfuata na kipaza sauti, waya ukakatika. Kwaya ikawafuata, wimbo ukiendelea. Hasani akaifuata meza kuu, ingawa meza ilikuwa imebaki. Ebenezer akatokea mbele yao na mikono juu, akipiga kelele kwamba saruji haijakauka, wamhurumie. Hawakumhurumia. Hawakuwa na nguvu za kumhurumia.

Yasinta hakukimbia. Alitangulia, akatoa ufunguo, akafungua mlango wake na kuushikilia. Na mgeni, ambaye angeweza kuuruka ukuta ule bila hata kupandisha suruali, akabisha hodi! Yasinta akamkaribisha. Akaingia kwa mlango kama mtu aliyelelewa vizuri.

Wanafunzi wakalisukuma paa juu yake. Upande wa mbele ukakaa kwenye kichwa cha fremu ya mlango. Upande wa nyuma ukatafuta kitu cha kukalia kimo hicho hicho, usipate, ukashuka hadi kwenye ukuta wa kimo cha dirisha. Paa langu likawa limekaa kama mtu aliyevaa baragashia upande.

Ndipo mawe yakaanza safari. Yalibingirika kwa kishindo bati zima, yakadondoka nyuma ya ukuta, pale Mzee alipoficha kreti za soda zisipate jua. Soda zote za wageni! Na kwa vile paa lilikuwa limelalia nyuma, umati wote ulioukimbilia upande huo kuona kilichovunjika uliona pia, kwa rangi nyekundu, herufi moja moja, HASANI HADWEA. Hasani akasimama peke yake akapiga makofi. Watatu walimwuliza bei ya bati pale pale.

Ndani kulikuwa kimya. Nimemzika kwa niaba ya waziri, nikawaza.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka. Mgeni akatoka, mzima, ana vumbi kidogo begani. Akaufunga mlango. Akaufungua tena. Akaufunga. Akasema katika jengo lote hili kimoja tu kimefanya kazi alipokihitaji, nacho ndicho kimeshika paa lisimwangukie. Akauliza ni kazi ya nani. Yasinta akapiga goti kidogo, akamwamkia shikamoo, akasema ni ya kwake na wanafunzi wake.

Jiwe la msingi lilikuwa bado halijawekwa. Ukuta wa kuliwekea ulikuwa umefunikwa na paa langu. Wakalifunga kwa waya kwenye mlango. Jiwe la msingi, mlangoni! Mgeni akavuta kitambaa, tukapiga makofi kwa jina la waziri. Mzee Mazengo, mbele ya watu wote, akamtangaza Yasinta kuwa Mkuu wa Idara.

Kwaya ilikuwa na wimbo mmoja tu. Wakaupaza tena. Yasinta mjenzi wa juu, Mkuu wa Idara yetu. Niliisikia sauti ya Dorkasi humo. Ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Jumapili, 15 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimesema ni malaria.

Dorkasi karudi, kavua kitambaa cha kichwa, kakaa. Nilimwuliza kwa nini aliimba. Kasema alikuwa mstari wa mbele, angekaa kimya watu wangemtazama yeye badala ya Yasinta. Halafu kasema habari ya ukuu haimuumi. Watu wengi si wakuu na wanakula ugali. Kinachomuuma ni kwamba alijigamba kwa wenzake kwa kitu nilichomwambia kipo, na hakikuwepo. Leo baada ya ibada wanakwaya wamemfariji kana kwamba kafiwa. Gauni kalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Nimeona haya. Haya ya kweli, hadi nikashindwa kula. Nimemwomba msamaha. Kasema kasikia.

Nimelala kitandani mchana wote nikilitafakari jambo hili kwa uaminifu, bila kujipendelea. Na nimeona wazi kosa lilipo. Kuta za Ebenezer zilikuwa fupi.

Jumatatu, 16 Septemba

Yasinta ameitisha kikao chake cha kwanza. Kile kiti kinachozunguka kakitoa nje ya ofisi, wanafunzi wanazungushana nacho koridoni. Inauma kutazama. Yeye kakaa juu ya benchi, na sisi kwenye benchi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza nyuma yetu.

Kasema darasa litabomolewa na kujengwa upya, kuanzia chini kwenda juu, mahali pamoja, na walimu wote watatu watakuwepo kila siku. Hakuna tena sehemu ya fulani. Kamwita Aneth aje awaeleze mwaka wa kwanza safari ya mzigo wa paa, kwa kuwa yeye kaubeba. Aneth kasimama, bega limefungwa bendeji, kasema: bati, papi, kenchi, mtu, ardhi. Wakacheka, kisha wakaandika. Akaongeza kwamba mahali pa mtu panatakiwa kuwa na ukuta. Ebenezer karibu alie kwa furaha. Nilipiga makofi, ya ukubwa wa wastani.

Kisha Yasinta akatugeukia. Kasema muhula huu kuna somo jipya, ngazi, za nyumba za ghorofa. Kasema amefikiri sana nani alifundishe. Ngazi inatoka kwenye sakafu moja inakwenda kwenye nyingine, imeshikwa na ukuta, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuijenga bila kuelewana na mwenzake kila hatua. Kwa hiyo anatupa mimi na Ebenezer, tulifundishe pamoja. Tutajenga ngazi moja ya mfano, uwanjani, na Mzee Mazengo atatafuta mgeni wa kuizindua.

Nimemshukuru kwa moyo. Nimempa Ebenezer mkono. Tumekumbatiana! Yasinta alitabasamu. Dorkasi nilipomsimulia kasema Mungu ni mwema, labda sasa nimekua. Kaniwekea kipande kikubwa cha nyama.

Nimekula nikifikiri. Mgeni akija kuzindua ngazi atasimama wapi apigwe picha? Chini? Hakuna mgeni anayepigwa picha chini ya ngazi. Atapanda. Picha nzima itakuwa juu. Na Ebenezer, kwa tabia yake, ataanza kuchimba huko chini kwake, siku zote zitaishia shimoni.

Mwache achimbe! Kesho alfajiri, kabla hajafika na sururu yake, mimi naanza na kidato cha juu kabisa.